Kabla ya Kununua Paneli, Tufundishe Fundi

Safari hii somo letu si juu ya mpunga wala muhogo. Ni juu ya mtu ambaye tunamkumbuka tu wakati kitu kimekwisha kuharibika: fundi wa umeme, au fundi wa kura kama wengi wetu tunavyosema. Anafundishwa wapi? Anapaswa kujua nini? Na koperative ikimtuma kusoma kwa makuta yake, ifanye nini ili arudi?

Tuanze na jambo ambalo tuliliona sisi wenyewe. Kwenye njia ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare kuna koperative moja ya mpunga. Jina lake hatulisemi, kwa sababu yaliyoipata yangeweza kupata koperative yoyote. Mavuno mawili mfululizo kila mwanamemba alitoa gunia moja, wakauza, wakanunua paneli mbili za jua, betri mbili na konvertisa ya kugeuza umeme wa betri kuwa umeme wa 220. Depo ikapata mwanga. Watu wakaja kuchaji telefoni, franga zikaingia katika sanduku. Kila mtu alifurahi. Baadaye wakaona mbali zaidi: wakaweka mashini ya kunyoa, kisha televizio, mwishoni frigo ndogo ya kuuzia vinywaji vya baridi.

Tulipofika, depo ilikuwa giza. Tukafungua kisanduku cha fizibu. Ndani, mahali pa fizibu, kulikuwa na kipande cha uzi wa shaba kimezungushwa vizuri kabisa, kazi ya mikono safi. Konvertisa ilikuwa imeungua na harufu yake bado iko. Betri moja ilikuwa imevimba tumbo, na ile ingine walikuwa wameijaza maji ya mtoni. Mama mweka sanduku akatuambia: “Baba, ile fizibu ilikuwa inakufa kila siku. Fundi akasema ataweka uzi wa nguvu, hauwezi kuungua tena.” Na ni kweli, ule uzi haukuungua. Kiliungua kila kitu kingine.

Yule “fundi” ni kijana wa palepale, anatengeneza radio na telefoni sokoni. Si mwizi, si mlevi, mikono yake ni mizuri kuliko ya wengi. Tulizungumza naye karibu saa nzima. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia fizibu inatumika kufanya nini. Wanamemba walikuwa na magunia ya kununulia vyombo, lakini hata gunia moja halikwenda kwa kichwa cha mtu wa kuvichunga.

Fizibu ni mlinzi

Twende polepole hapa, maana hapa ndipo fundi wa kweli anaachana na mtu wa kuunganisha nyuzi.

Umeme ukipita katika uzi, uzi unapata joto. Umeme kidogo, joto kidogo. Umeme ukiwa mwingi kuliko unene wa uzi, ganda la plastiki linayeyuka, na kama uzi umepita chini ya nyasi za paa, nyumba inaenda. Fizibu ni kauzi kadogo ambako tumekachagua kakatike mapema, kabla uzi mkubwa haujapata joto la hatari. Kwa hiyo fizibu ikikatika, imefanya kazi yake. Inakuambia: “Kuna kitu hapa kinakula kuliko tulivyopatana.” Pale depo ilikuwa frigo. Frigo inapoanza kuzunguka, kwa kitambo kidogo inavuta nguvu mara kadhaa kuliko kawaida yake. Mlinzi alipiga kelele kila siku, mwishoni wakamfukuza.

Kuna hesabu moja ambayo kila fundi anaianza nayo, na hata sisi wakulima tunaiweza: wati ukigawanya kwa volti unapata ampea. Ampea ndizo zinazoleta joto katika uzi. Chukua pasi ya wati 1000. Kwenye umeme wa volti 220 inavuta ampea 4 na nusu hivi, uzi wa kawaida wa nyumba unabeba bila shida. Lakini nguvu hiyohiyo ikitolewa katika betri ya volti 12, ni ampea 83. Njo maana nyuzi za kati ya betri na konvertisa zinapaswa kuwa nene na fupi. Muuzaji akikupa uzi mwembamba wa ampuli kwa kazi hiyo, mrudishie.

Hesabu ya pili ni ya kujua ununue nini. Tuseme depo yenu inataka ampuli 6 za wati 5, ziwake saa 5: hiyo ni 150. Telefoni 20 kwa siku, kila moja tuhesabu 10: ni 200. Radio ya wati 10 kwa saa 5: 50. Jumla 400. Ongeza 100 kwa nguvu inayopotea njiani, inakuwa 500 kwa siku. Wakati wa mvua usihesabu zaidi ya saa 4 za jua zuri. Basi 500 gawanya kwa 4 ni 125, nunua paneli ya wati 150. Sasa betri. Mtataka iwatoshe siku mbili bila jua, ni 1000. Lakini betri hizi za maji ya asidi hazipendi kushuka chini ya nusu. Ukizishusha kila usiku zinakufa mapema. Kwa hiyo zidisha mara mbili, 2000. Gawanya kwa volti 12, unapata 166. Chukua betri ya 200, au mbili za 100.

Angalieni kwamba frigo haimo katika hesabu hii. Siku mkitaka frigo, mnarudi kwenye karatasi kwanza, halafu sokoni. Ile koperative ilienda sokoni kwanza.

Mambo mengine fundi aliyefundishwa anayafanya bila kuulizwa. Hapa kwetu tuko kusini ya ikweta, Kasongo iko karibu digrii 4 na nusu, kwa hiyo paneli inaangalia kaskazini, imeinama kidogo tu, digrii 10 mpaka 15, mvua iweze kuosha vumbi. Haiwekwi mahali kivuli cha mwembe au mchikichi kinapita, maana kivuli cha tawi moja juu ya kona ya paneli kinaweza kupunguza sehemu kubwa ya nguvu yake. Betri inaongezwa maji safi ya dukani yasiyo na chumvi wala udongo, si ya mto wala ya kisima. Na mkononi ana multimeta. Mtu anayejiita fundi wa umeme na hana chombo cha kupimia, mkaribisheni chai, mzungumze, aende.

“Kura ya jua haiui”

Hayo maneno tunayasikia kila mahali, na yanaweza kuua mtu. Ni kweli kwamba volti 12 za betri kwa kawaida hazirushi mtu. Lakini baada ya konvertisa ni volti 220, ileile ya SNEL, na mikono yenye maji au miguu pekupeku juu ya udongo mbichi inaifungulia njia. Hata betri yenyewe si ya kuchezea. Ufunguo wa chuma ukigusa vichwa vyake viwili kwa pamoja unawaka mwekundu, na pete kidoleni vilevile. Wakati wa kuchaji, betri ya asidi inatoa hewa inayoweza kulipuka, basi sigara na taa ya petroli zibaki nje, na dirisha liwe wazi. Grupu ya esansi nayo isiwashwe ndani ya nyumba au ndani ya depo iliyofungwa: moshi wake una hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini.

Mtu akishikwa na umeme, usimguse. Zima kwanza. Kama huwezi kuzima, simama juu ya kitu kikavu umsukume kwa mti mkavu. Akiwa hapumui, anza kumkandamiza kifua katikati, kwa nguvu na haraka, wakati mwingine anakimbia kuita mganga wa kituo cha afya.

Tunayaandika haya kwa sababu kijana anayetaka kazi hii lazima ajue tangu mwanzo: sehemu kubwa ya kazi ni kuzima, kupima, kukagua, halafu ndiyo kuunganisha. Asiye na uvumilivu wa kuzima atafute kazi ingine.

Njia za kusoma

Kwa mtoto ambaye bado yuko shuleni, njia ndefu ndiyo nzuri. Akimaliza darasa la 8 la elimu ya msingi anaingia shule ya ufundi, sehemu ya umeme, miaka 4, na mwishoni anafanya mtihani wa Serikali kama wenzake wa sehemu zingine. Katika Kivu kuna shule za aina hii zinazojulikana sana: ITFM ya Bukavu, ambayo jina lake lenyewe ni Fundi Maendeleo, na ITIG ya Goma. Mzazi, kabla ya kulipa shule yoyote, karibu au mbali, omba kuingia atelye. Uliza: wanafunzi wanashika nyuzi mara ngapi kwa wiki? Shule ya umeme isiyo na atelye inafundisha umeme wa ubaoni, na mtoto anatoka na diploma akiwa anaogopa prizi.

Kwa mtu mzima, mwenye miaka 20 au 30, ambaye hawezi kukaa tena shuleni miaka 4, kuna INPP, shirika la Serikali la kutayarisha wafanyakazi. Lilianzishwa mwaka 1964 na linasaidiwa na michango ya wenye kuajiri. Mafunzo yake ni mafupi kuliko ya shule na yanaelekea zaidi kwenye mikono. Lina vituo katika miji mikubwa, kama Kisangani, Lubumbashi, Bukavu na Goma. Sisi watu wa Maniema tuanzie kuuliza Kindu, makao ya jimbo letu, kabla ya kufikiria safari ya mbali. Muda na bei vinabadilika, kwa hiyo koperative iandike barua yenye muhuri na kupata jibu la maandishi. Msitume mtu kwa maneno ya mpita njia.

Jambo moja ambalo wengi wanalisahau: masomo haya yanatolewa kwa Kifaransa. Kiswahili kimo Kasongo tangu zamani za Tippu Tip, kabla ya ampuli ya kwanza, lakini maneno ya kazi hii, fizibu, prizi, konvertisa, yote tumeyachukua kwa Wafaransa na Wabelgiji, na karatasi za vyombo zimeandikwa hivyohivyo. Mtu asiyesoma Kifaransa hata kidogo atateseka. Miezi mitatu ya jioni na mwalimu wa kijiji kabla ya safari itamsaidia kuliko viatu vipya.

Halafu, baada ya cheti, bado hajawa fundi. Inafaa akae miezi kadhaa karibu na fundi mzee, abebe ngazi, aone makosa ya wengine. Vituo vya afya vyenye frigo za chanjo zinazotumia jua ni mahali pazuri pa kuuliza: ni nani anakuja kuzitengeneza, na je, anaweza kuchukua mtu wa kumsindikiza?

Kazi yenyewe ipo? Ipo, na inaongezeka. Tangu sheria namba 14/011 ya tarehe 17 mwezi wa 6, 2014, SNEL haiko tena peke yake. Makampuni na watu binafsi wanaweza kutoa na kuuza umeme kwa ruhusa. Katika Kivu Kaskazini mtambo wa maji wa Matebe ulifunguliwa 2015, na huko Goma kampuni ya Nuru iliwasha mtambo wa jua wa megawati 1.3 mwaka 2020. Kwetu bado ni paneli za juu ya paa na grupu za mazutu, lakini hata hizo zinaharibika kila siku.

Nani atumwe?

Hapa mikutano inagombana, tunajua. Mara nyingi jina linalotoka la kwanza ni mtoto wa prezida. Tunasema wazi kwamba hatupendi. Fanyeni jaribio la mbele ya wote: asome ukurasa mmoja, afanye ile hesabu ya depo tuliyoonyesha juu, afungue tochi mbovu na kueleza anaona nini. Anayesema “sijui, ngoja niangalie” ni bora kuliko anayejibu haraka.

Kijana yule wa sokoni, wa ule uzi wa shaba, sisi tungemweka katika orodha. Amekosea, lakini mikono anayo, na tangu siku ile anajua bei ya kutofundishwa.

Na wamama je? Huko India, katika kijiji cha Tilonia, kuna shule inayoitwa Barefoot College, ilianzishwa mwaka 1972 na Bunker Roy. Inafundisha wanawake wa vijijini, wengi wao bibi wenye wajukuu, baadhi hawajui kusoma, kuunganisha na kutengeneza taa za jua. Mafunzo yanafanyika kwa rangi na alama, yanachukua karibu miezi sita. Zanzibar pia wana tawi huko Kinyasini, kisiwa cha Unguja. Sababu ya kuchagua wamama ilielezwa bila kuficha: kijana mwanaume akishika cheti anakwenda mjini kutafuta kazi, mama anarudi kijijini kwake. Wanaume wa kwetu wanaweza kununa, lakini tujiulize ni vijana wangapi walisomeshwa na vijiji vyao, leo wako Salamabila kwenye dhahabu au Bukavu.

Maoni yetu ni kutuma wawili: mmoja kijana aliyesoma, mmoja mama mwenye mizizi hapa. Kama makuta hayatoshi wawili, atumwe mmoja na mkataba useme atamfundisha wa pili.

Mkataba

Uandikwe kwa Kiswahili, usomwe kwa sauti katika mkutano mkuu, utiwe sahihi mbele ya shefu. Uonyeshe nani analipa safari, chakula na nyumba ya kulala, maana wengi wanarudi katikati ya masomo kwa njaa, si kwa ujinga. Useme atatumikia koperative miaka 3. Akiondoka kabla, anarudisha sehemu iliyobaki: ameondoka baada ya mwaka 1, analipa theluthi mbili, baada ya miaka 2, theluthi moja. Hiyo ni haki kwa pande zote mbili.

Lakini musimfunge bila kumlisha. Tumeona koperative inamsomesha mtu, halafu inataka afanye kazi bure “kwa sababu tulikulipia”. Baada ya miezi minne hayupo, na nani atamlaumu? Mpeni posho ya kila mwezi kutoka sanduku la kuchaji telefoni, hata kama ni ndogo, na ruhusa ya kufanya kazi za watu wengine siku mbili kwa wiki kwa faida yake. Kila kazi aliyofanya depo aiandike katika daftari: tarehe, kitu gani, volti alizopima, ameweka nini. Siku akiwa mgonjwa, mwingine ataanzia hapo.

Vyombo vyake vinunuliwe kabla hajarudi, na viwe mali ya koperative: multimeta, bisibisi zenye mpini wa plastiki, koleo, kisu cha kumenyea uzi, glavu, miwani ya kulinda macho na asidi, na boksi la fizibu za saizi zinazotakiwa. Boksi hilo mama mweka sanduku alifungie pamoja na makuta. Fizibu ikikatika, fundi anakuja kwake kuomba ingine, na yeye anamuuliza kwanza: “Imekatika juu ya nini?” Hampi mpaka ajibu.